Usimtemee Jirani

Kule Bukavu, maneno ya bunduki tumeyapokea kutoka vitani. Ganda la risasi likionekana njiani asubuhi, hakuna anayeuliza lilikuwa la mchezo gani. Mama alitukataza kuliokota, hata lilipong'aa kama dhahabu. Ndiyo maana kazi aliyonipa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa anayeishi Iowa, Marekani, ilinigusa sana. Klabu yake ya kulenga sahani ilikuwa imepata wageni wawili kutoka kwetu, nao Kiingereza walikuwa bado wanakitafuta. Aliniomba kwa simu nimsaidie kuandika kanuni kwa Kiswahili.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Watu watano husimama kwa mstari nyuma ya kibanda kifupi chenye mtambo. Mmoja akiita, mtambo hurusha sahani ya upana wa sentimita 11 hivi, naye huifyatulia risasi moja. Kisha zamu humwendea aliye kulia kwake. Kila baada ya risasi tano hubadilishana nafasi, mpaka kila mtu apige mara 25.

Tabu iko kwenye bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe. Ile ya mitutu miwili hukunjuliwa, na mwenyewe hutoa maganda kwa mkono. Lakini hii, risasi ikishatoka tu, hujifungua na kurusha ganda upande wa kulia, likiwa bado la moto. Na kulia kuna mtu, tena ndiye mwenye zamu inayofuata. Ganda likimgonga shavuni au mkononi wakati anainua bunduki, sahani yake imepotea. Ubaya zaidi ni kwamba anaweza kushtuka huku silaha imepakiwa.

Dawa yake ni ndogo. Kuna kishikio kinachofungwa chini ya dirisha la bunduki ili kulizuia ganda lisiruke. Wengine huzungusha mpira mpana mahali hapo hapo. Mwenyewe hulichomoa ganda kwa vidole na kulitia katika mfuko wa kiunoni. Lililoanguka chini huachwa mpaka mzunguko uishe, kwa sababu anayeinama katikati ya mstari huwavuruga wenzake. Si takataka pia: wapo wanaoyajaza upya kwa baruti na marisau, na kila klabu ina desturi yake kuhusu nani ayaokote.

Hayo yote tuliyaandika bila shida. Kilichotukwamisha ni kitenzi kimoja. Bunduki inalifanya nini ganda? Mimi nilipendekeza "kutoa". Ni sahihi, lakini halina uzito. Mtu anatoa hata zawadi. "Kurusha" lilikuwa afadhali. Kisha kaka akasema, "Mdogo wangu, si inalitema tu?" Hapo kanuni ndefu ya mistari minne ikawa maneno mawili: usimtemee jirani.

Hakuna aliyelelewa kwetu anayehitaji kuelezwa zaidi. Anayekula muwa hakusanyi makapi mdomoni ili ayateme miguuni pa mwenzake; hugeuka, au huyatema mkononi. Wageni wale walicheka, kisha wakauliza vishikio vinanunuliwa wapi.

Sisi wa Kitivo cha Lugha huhesabu istilahi tunazokosa, na huwa tunakimbilia kamusi ya Kifaransa. Safari hii tulichokosa kilikuwa mezani petu. Na neno "ganda", ambalo mashariki mwa Kongo limeshikwa na vita kwa miaka mingi, lilirudi kidogo upande wa karanga na yai, mahali lilikozaliwa. Sijui kama mama atakubali kulisikia hivyo. Nimemsomea kanuni ile kwa sauti. Akaniuliza kama na wale askari wa zamani walikuwa na jirani wa kulia.