UA LA USAMBARA LATESA ULAYA, NYUMBANI LAJIFICHA MWAMBANI

Ndugu msomaji, ukibahatika kukaribishwa chai nyumbani kwa bibi wa Kijerumani, tupia jicho dirishani. Kama kuna kijichungu chenye kiua cha zambarau, muulize jina lake. Atakuambia Usambaraveilchen. Umesikia hapo mwanzo? Usambara! Hiyohiyo ya kwetu Tanga. Waingereza na Wamarekani wao wanaliita African violet, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja.

Mimi nikasema siwezi kufa sijaliona kwao. Nikadandia gari hadi Muheza, nikapita katikati ya malundo ya machungwa, nikatafuta usafiri wa kupanda Amani. Barabara ni ya vumbi na kona, na kila kona hewa inazidi kupoa. Nikateremka geti la Sigi, ambako enzi za Wajerumani kireli chao kilifika kubeba magogo. Msitu huu wa Amani umekuwa hifadhi ya mazingira tangu 1997, kwa hiyo hujiingilii tu kama sokoni. Unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza.

Wangu alikuwa mzee wa Kishambaa, mwembamba, miguu myepesi kama ya mbuzi. Mimi baada ya nusu saa hoi, yeye anapiga mluzi. Tukashuka kando ya kijito, giza la miti mchana kweupe, akasimama mbele ya jabali lililoota kuvu. "Haya, mgeni wako huyo hapo."

Nusura nilipite. Majani ya mviringo, manene, yenye manyoya laini kama sikio la sungura, yamejibanza kwenye ufa usio na udongo hata wa kujaza kiganja. Katikati vimetokeza viua vitano au sita, petali tano kila kimoja, rangi ya zambarau inayokaribia bluu, na vidoa viwili vya njano katikati. Siyo siri, nikabaki mdomo wazi. Kidude kidogo hivi ndicho kimewatia wazungu wazimu?

Maana kisa chake ni kirefu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wa serikali ya Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimtumia baba yake mbegu Ujerumani. Mbegu zikamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen kule Hannover, na mwaka 1893 mmea ukatangazwa kwa jina Saintpaulia. Jina la baron na baba yake, unaona? Waliokuwa wakilipita ua hilo kila siku wakienda kuchota maji hawakuulizwa wao huliitaje. Miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles, Armacost & Royston, ikaagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche 10 iliyo bora, na hapo biashara ikalipuka. Leo kuna aina za kutengenezwa maelfu: nyeupe, za waridi, zenye madoadoa, zenye marinda kama gauni la harusi. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia ukoo wa Streptocarpus, lakini madukani nani anajali?

Uchawi wake uko kwenye jani. Chomeka jani moja na kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa unaona vitoto. Kwa hiyo mwenye jani moja hana haja ya kurudi Tanga kununua la pili. Ndiyo maana hawarudi.

Nikamuuliza mzee, hili la hapa litadumu? Akaonyesha juu, kwenye matawi. "Mwanangu, hili halina ugomvi na mtu. Lakini huo mti ukikatwa, jua likapiga hapa, majani yanakuwa kama ugoro." Nikasema basi watu wasikate. Akanitazama vile unavyomtazama mtoto wa mjini.

"Sisi huku tulilima iliki chini ya miti hiyohiyo, maana iliki inataka kivuli. Iliki ikichoka, mtu anataka mahindi, anataka ndizi, na hivyo vinataka jua. Watoto watakula ua?"

Sikuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba ndugu zake ua hili wametawanyika milima ya mashariki ya Tanzania na kusini mwa Kenya, na wengine wana makao mamoja tu duniani. Yule wa Taita, kwa mfano, anaishi kilima cha Mbololo peke yake. Kilima hicho kikipata upara, chungu cha Berlin hakiwezi kukirudishia msitu. Na kama jani moja linazaa miche, kwa nini vijana wa vijiji vya Amani wasisaidiwe kuotesha na kuwauzia wageni, ili mti uliosimama nao ulete unga nyumbani? Mwambani, hata hivyo, hairuhusiwi kung'oa kitu, na mzee alinikazia macho mpaka tulipotoka.

Niliporudi Tanga mjini nikapita kwa muuza maua wa barabarani. Mawaridi yapo, asumini ipo. Nikamuulizia ua la Usambara, nikamchorea hewani kwa vidole, majani hivi, rangi hivi.

"Aaa, hilo nimelijua," akasema. "Hilo linatoka nje, bosi wangu. Ukilitaka naagiza, we acha kianzio."