Breki Hazikufeli

Kwa miezi saba nimekuwa nikisimulia kwamba breki zilifeli. Nimemwambia trafiki, nimemwambia mke wangu, nimewaambia wenye shughuli walionikodi. Kibaya zaidi, nimemwambia kila mteja aliyeniuliza nani anatengeneza gari langu. Sisi madereva tunaipenda sana sentensi hii. Breki zimefeli! Utadhani zilikaa kikao usiku zikapiga kura. Anayeitamka anatoka msafi, na lawama inabaki kwenye chuma, au kwa yule aliyekigusa chuma mara ya mwisho.

Aliyekigusa mara ya mwisho alikuwa fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited. Alibadilisha pedi za mbele siku nne kabla ya ajali.

Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai. Jumamosi ile tulikuwa na kipaimara Oldonyo Sambu, kule juu, ubavu wa magharibi wa Mlima Meru, barabara ya Namanga. Nilikuwa na Ford Ranger, otomatiki, na nyuma yake tela nililochomelewa mtaani kwa ekseli ya gari kuukuu. Tela hilo halina breki zake lenyewe. Kitabu cha gari kinasema tela la namna hiyo lisizidi kilo 750. Nilikuja kupiga hesabu baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika: viti 250 vya plastiki vinakaribia kilo 600, tela tupu linakaribia 400, na hapo sijagusa maturubai matatu na mabomba yake, jenereta, wala spika. Jumla naomba nisiitaje.

Gari lile lina swichi ya kuzungusha ya kuchagulia namna ya kwenda. Ukifika kwenye Tow/Haul, kwenye kioo kinatokea kigari kinachovuta tela. Vijana wangu wanaiita modi ya tela. Niliijaribu mara moja tu, kwenye mwinuko wa kutoka Sakina kwenda Kwa Iddi. Injini ikanguruma kwenye gia ndogo, haitaki kubadilisha. Nikaona hii ni kunywesha gari mafuta bure, nikairudisha kwenye kawaida na sikuigusa tena. Kijana mmoja alipouliza nilimjibu kwamba otomatiki inajua yenyewe.

Haijui. Gari halina macho ya nyuma. Likiachwa kwenye kawaida linajiona liko tupu, na gari tupu linakimbilia gia kubwa ili kubana mafuta. Likiwa na mzigo, mlimani linapanda gia, linazidiwa, linashuka, linapanda tena, na kila mara oili ya gia boksi inazidi kuchemka. Modi ya tela inaliambia gari ling'ang'anie gia ndogo. Mngurumo ule nilioukimbia ndio uliokuwa kazi yenyewe. Na wakati wa kushuka, ambao sikuwahi kuufikiria kabisa, ukigusa breki tu gia boksi inateremka gia, injini inalishika gari, na breki zinabaki na kazi ndogo.

Sina hata kisingizio cha kutojua. Udereva niliujifunzia kwenye Isuzu, utingo kwanza, usukani baadaye, na amri ya kwanza niliyopewa ilikuwa kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mzee aliyenifundisha angenizaba kofi kwa nilichofanya. Nilipopata gari lenye ngozi kwenye viti nikajiona nimehitimu.

Tulimaliza kupakia jua likizama. Kutoka Oldonyo Sambu kurudi Ngaramtoni barabara ni nzuri, lami safi, inateremka kidogokidogo kwa kilomita nyingi. Huo ndio mtego wake. Mteremko mkali unakutisha, huu unakubembeleza. Gia ikiwa D, gari likapanda hadi gia kubwa, na tela likawa linatusukuma mgongoni. Nikaweka mguu kwenye breki. Sikuutoa.

Harufu ilianza kama nywele zilizoungua.

"Mzee, kuna kitu kinaungua," kijana wa nyuma akasema.

"Watu wanachoma mkaa," nikajibu. Nilijua si mkaa.

Dakika chache baadaye mbele yetu kulikuwa na punda wanavuka na madumu ya maji, mama mmoja nyuma yao. Nikakanyaga. Kanyagio likaingia ndani kama ninakanyaga godoro. Nikakanyaga tena, likagusa sakafu. Hapo ndipo mkono ulipokumbuka Isuzu kabla ya kichwa: nikavuta gia kwenye M, nikaanza kuishusha moja baada ya nyingine. Injini ikapiga kelele ile ile ya Sakina. Spidi ikapungua, lakini tela halikuwa na habari. Likatupita ubavuni, likatukunja, sote tukaingia mtaroni. Punda walikuwa wameshavuka. Viti vyangu vilitapakaa kwenye shamba la mahindi, vyeupe, kama kuna mkutano wa watu wasioonekana.

Kijana mmoja alivunjika mkono, kifundo cha kushoto. Waliokuja kutusaidia walikuwa na neno moja tu mdomoni: Kibaoni. Hakuna mtu wa Ngaramtoni anayehitaji kuelezwa. Tarehe 24 Februari 2024 lori lililokuwa likishuka barabara hiyo hiyo liliyagonga magari mengine matatu pale, na watu 25 wakafa. Mzee mmoja alinishika bega akasema, "Breki zimefeli, eeh?" Nikamjibu, "Zimefeli." Alinipa sentensi tayari, nami nikaivaa.

Asubuhi trafiki aliliwasha gari, akaenda mita chache, akakanyaga. Likasimama. Akarudia. Likasimama tena. "Mbona zinashika?" akauliza. Hilo ndilo swali ambalo mtu mkweli angelijibu. Breki zilizochemka zikipoa hurudi. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya, kiwango ni yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa miaka, hata 140 inatosha. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndipo kanyagio linakuwa godoro. Usiku mvuke ule uligeuka tena kuwa mafuta, na ushahidi wangu ukayeyuka nao. Mimi nikamwambia trafiki, "Fundi alizigusa juzi tu, afande. Muulize yeye."

Bado hilo si baya kuliko yote. Fundi alipobadilisha pedi aliniambia mafuta ya breki yamekuwa meusi kama kahawa, yabadilishwe. Nilimwambia aache kunitafutia gharama.

Mama wa yule kijana aliyevunjika mkono alikwenda hadi gereji kumlaani fundi. Wateja wangu wawili, wenye Noah za abiria, wakahamishia magari yao gereji nyingine. Nilisikia yote hayo nikanyamaza. Matibabu nilijifanya nimelipa kwa wema.

Wiki iliyopita nilikwenda Unga Limited. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu nje.

"Shikamoo, mzee," akasema kabla hajatoka. Alinijua kwa viatu.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, mbele ya vijana wake wawili, kwa sababu nilimchafua hadharani. Modi ya tela, mguu kwenye breki, mkaa, mafuta meusi. Akasikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akaingia kwenye kontena akatoka na disiki mbili. Zilikuwa zangu, zile alizozibadilisha baada ya ajali. Akaielekeza moja kwenye jua: uso wote ulikuwa na mabaka ya bluu, rangi ya chuma kilichounguzwa.

"Pedi mbovu haifanyi hivi," akasema. "Hii ni mguu."

"Ulijua lini?"

"Siku uliyoleta gari."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa umeshasema, mzee."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitakwenda kwa mama wa kijana mwenyewe, na kwa wenye Noah. Akasema sawa, kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha. Akaniuliza kama lile tela nimelitia breki. Nikamwambia bado, ila sasa mzigo naugawa safari mbili. Akaitikia kwa kichwa, akarudi chini ya gari.