Kilima cha Sergoit na bunduki tatu za Roosevelt

Msomaji, Jumapili hii funga kiatu twende Eldoret. Kutoka Nairobi ni safari ya kilomita zipatazo 310. Utapita Nakuru, utapanda Timboroa ambako baridi hukulazimisha kufunga dirisha la matatu hata saa sita mchana, utapita Burnt Forest penye viazi na kabichi kando ya barabara, kisha nchi itanyooka ghafla mbele yako. Huo ndio uwanda wa Uasin Gishu, mita kama 2,100 juu ya bahari.

Wengi hufika mji huu kwa sababu ya chuo kikuu, au hospitali ya rufaa, au kuwatazama wanariadha wakifanya mazoezi alfajiri. Mimi leo nina shughuli nyingine. Nataka tupande matatu ya Iten, tushuke njiani panapoonekana kilima cha Sergoit, kile chenye mawe kinachojitokeza peke yake katikati ya mashamba ya ngano na mahindi. Tukifika nitakuuliza swali la ajabu kidogo: kama ungalisimama hapa mwaka 1909, fedha unazo na bunduki mpya za kiwandani zimepangwa mezani, ungalichagua ipi ya kuwindia?

Usinishtaki. Najua vyema kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikalikaza fundo hilo. Swali ni la historia. Lakini jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini mwanao humwona twiga wa Eldoret kule Lang'ata, Nairobi, asimwone Eldoret penyewe.

Uwanda huu ulichukua jina la Wamaasai wa Uasin Gishu waliolisha ng'ombe wao hapa, mpaka vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19 vikawafagia. Baada yao Wanandi walileta mifugo. Wazungu wa kwanza walipopanda huku mwanzoni mwa karne ya 20, waliona majani na makundi ya kongoni, pundamilia na twiga, wakaandika kwamba nchi ni tupu. (Nchi ya mfugaji huonekana tupu kwa kila mtu asiyefuga.) Kwanza alikuja mwindaji, ndipo mkulima akafuata nyayo zake. Ukienda Kitale utapita Moi's Bridge; zamani palikuwa Hoey's Bridge, jina la Cecil Hoey, mwindaji aliyefika uwandani miaka hiyo kutafuta simba na baadaye akawa mlowezi.

Mwaka 1908 likaja kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, watu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walipanda kutoka Nakuru na magari ya kukokotwa na maksai, wakipita kwenye misitu na matope. Walikuwa watu walioshindwa na Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902, na bunduki ya Mauser, iliyotengenezwa Ujerumani, waliijua kama walivyojua jembe. Nyama ya porini ndiyo iliyowalisha wakati wakingoja ngano ikomae. Posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu hadi leo utamsikia mzee wa hapa akiuita mji Sisibo, yaani ile hesabu ya Kiingereza ya 64 iliyopita kwenye ulimi wa Kikalenjin. Jina la Eldoret lilikuja rasmi mwaka 1912.

Basi Novemba 1909 akafika mgeni mkubwa. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwezi Machi mwaka huo, na Aprili akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Alikuwa na bunduki tatu kubwa. Hebu tuzitazame moja moja kama mnunuzi dukani.

Ya kwanza ni Holland & Holland ya London, yenye mitutu miwili, zawadi kutoka kwa marafiki zake wa Uingereza. Hiyo si bunduki ya kiwanda kwa maana halisi. Mafundi wake huunda kila kitu kwa mkono, na mnunuzi hupimwa mkono na bega kama anayeshonewa suti. Risasi yake ni nene, ya kumzuia ndovu au nyati akiwa karibu. Kwa uwanda wa Sergoit, iache mezani.

Ya pili ni Winchester ya modeli ya 1895, kutoka kiwanda cha New Haven, Connecticut. Unaikoki kwa kusukuma wenzo ulio chini ya mkono. Risasi yake, iitwayo .405, ina uzito wa gramu 19 hivi, kichwa butu, na huondoka mtutuni kwa mwendo wa mita 670 kwa sekunde. Roosevelt aliipenda mno, akaisifu kuwa ndiyo dawa ya simba.

Ya tatu ni Springfield, bunduki ya askari wa Marekani kutoka kiwanda cha serikali, iliyobadilishwa kitako ili iwe ya kuwindia. Risasi yake ni nyepesi, gramu kama 10 tu, lakini imechongoka, na huondoka kwa mita 820 kwa sekunde. Hii ndiyo bunduki ya mbali.

Wewe mwanafunzi, chukua kalamu. Kila kitu kinachoachiwa huanguka, na risasi nayo huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Risasi ya Springfield huchukua karibu nusu sekunde kufika mita 300, na kwa muda huo huwa imeshuka kama mita moja. Ile butu ya Winchester hupoteza mwendo haraka, huchelewa njiani, na hushuka karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mwindaji wa uwanda wazi, ambako kongoni anakuona kabla wewe hujamwona, alitaka risasi nyembamba yenye mbio. Tena hapa Eldoret hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa, hivyo risasi huzuiwa kidogo na kufika mbali zaidi. Ni hewa hiyohiyo inayomfanya mgeni ahemee ngazini, na inayowapa wakimbiaji wa Iten mapafu yao.

Lakini chombo kipya cha kiwandani hakiaminiwi kwa sifa za karatasi. Roosevelt mwenyewe aliandikiana na kiwanda cha Winchester mwaka 1908, na bunduki zilipomfikia akalalamika, hasa juu ya alama za kulengea, akataka zirekebishwe. Alikuwa na haki. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa ngumi alipokuwa akicheza masumbwi Ikulu, na la kulia lilihitaji miwani. Mtu kama huyo, alama za kulengea zikiwa si sawa, hana bunduki bali ana fimbo ya bei ghali. Njia ya kuipima haijabadilika hadi leo kwa walengaji wa shabaha ya karatasi: piga risasi kadhaa kwenye karatasi iliyo umbali unaoujua. Matundu yakikusanyika pamoja lakini pembeni, rekebisha alama. Yakitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, kosa liko kwenye mtutu, au kwenye risasi, au kwenye mikono yako mwenyewe. Kwa kawaida ni mikono.

Sasa tufike kwenye jambo linalonisumbua kila ninapopita Sergoit. Risasi yenye mbio kuliko zote bado huchukua karibu nusu sekunde kufika mita 300. Kongoni anayetembea polepole, katika nusu sekunde, husogea zaidi ya nusu mita. Ulilenga moyo, ukapiga tumbo. Naye mnyama aliyepigwa tumboni haanguki palepale; huondoka na kundi, na saa nyingi baadaye fisi ndio humwona. Roosevelt hakujificha: alikiri kwamba yeye si mlengaji hodari na kwamba alichoma risasi nyingi. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512 katika safari nzima, baba 296 na mwana 216. Hao ni waliohesabiwa. Waliokimbia na jeraha hawakuandikiwa nambari.

Kwa mawazo yangu, basi, swali la kwanza la bunduki ya masafa marefu lingekuwa, "Mimi nina haki ya kupiga toka umbali gani?" Swali la inafika wapi lije baadaye. Tangazo la kiwanda halina nafasi ya swali la kwanza.

Karibu na kilima hiki, mwezi huohuo, Roosevelt aliona uwindaji wa namna nyingine kabisa. Wapiganaji wa Kinandi waliletwa kumwonyesha jinsi wanavyomuua simba kwa mkuki. Walimzunguka dume, wakakaza duara hatua kwa hatua, ngao mbele, mpaka simba akachagua mtu wa kumrukia. Mikuki ikamwingia pande zote. Kijana mmoja alijeruhiwa vibaya, na Roosevelt akamwahidi mtamba. Aliwasifu watu hao kwa maneno makubwa katika kitabu chake cha safari.

Soma tarehe vizuri, msomaji. Hiyo ilikuwa 1909. Miaka minne tu nyuma, tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alialikwa kwenye mazungumzo ya amani kule Nandi Hills, na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen akamuua kwa bunduki, tena akiwa karibu kabisa. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza tangu 1895. Mkuki uliokuwa unashangiliwa Sergoit ndio uliokuwa umeshindwa na bunduki vitani, na sasa ulikuwa burudani ya mgeni wa heshima. Sijui vijana wale walimwangaliaje yule mzungu mwenye Winchester. Kitabu ni chake, si chao.

Safari moja nilikaa kwenye matatu karibu na mzee mwenye kofia ya sufu na mfuko wa mbegu. Nikamsalimu chamgei, akafurahi, nikamwonyesha kilima na kumuuliza kama aliwahi kuona simba pale.

"Simba, kijana wangu? Simba nilihadithiwa na babu. Mimi nilikuta twiga."

"Twiga hapa, mzee?"

"Upande wa Soy. Wanachungulia mahindi kama majirani. Siku moja tukaambiwa wamechukuliwa na malori."

Mzee hakunidanganya. Katika miaka ya 1970 shamba kubwa la mlowezi karibu na Soy, kaskazini magharibi mwa Eldoret, lilikuwa linagawanywa kwa wakulima wadogo waliohitaji ardhi, na haja yao ilikuwa ya haki. Ndani ya shamba hilo ndimo walimokuwa wamebanwa sehemu kubwa ya twiga wa Rothschild waliosalia Kenya, wale wasio na madoa chini ya magoti, kama soksi nyeupe. Walikadiriwa kuwa 130 tu. Mwaka 1974 Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua ndama mmoja, wakampa jina Daisy, wakamlea nyumbani kwao Lang'ata. Makundi mengine yakapelekwa Ziwa Nakuru na bonde la Lambwe. Nyumba ile ya Lang'ata ndiyo jirani ya Kituo cha Twiga, unakowapeleka watoto Jumapili walambwe mikono na ulimi mrefu wa rangi ya zambarau.

Bunduki haikuondoka Eldoret pamoja na wanyama. Mnamo 1997 kilianza hapa kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi. Wenyeji hukipita bila kugeuza shingo. Na ukiendelea na matatu yetu mpaka Iten, ukasimama ukingoni, utaona bonde la Kerio limetandazwa chini kwa uzuri usio na mfano. Huko silaha za kivita zimewaua wachungaji, wanawake na watoto wa shule kwa sababu ya mifugo, hata Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa. Mpiga risasi wa huko naye hupiga toka mbali, asione uso.

Ukitaka kwenda mwenyewe, ondoka Eldoret asubuhi kabla ya mvua, maana alasiri hapa hunyesha bila kubisha hodi. Iten ni kilomita kama 30. Beba sweta, na darubini kama unayo. Sergoit utakiona upande wa kushoto. Ngano ikiwa imekomaa, uwanda wote huwa wa manjano, na kwa dakika moja au mbili unaweza kudhani ni yale majani ya 1909, mpaka trekta litakapotokea.

Ukirudi Nairobi, mwambie mwanao kwamba twiga anayemlisha ana asili ya Soy. Wangu nilipomwambia aliacha kulisha, akamtazama yule mnyama juu mpaka chini, akaniuliza kama siku moja atarudishwa kwao.