Uhuru wa Watoto na Macho ya Mtaa

Sisi tuliolelewa Ngamiani, Tanga, katika miaka ya 1990 hupenda kusimulia uhuru wetu. Tulikwenda chuoni peke yetu, juzuu kifuani. Alasiri tukicheza gololi na kombolela barabarani, na mpaka wetu ulikuwa adhana ya Maghribi. Mtume (s.a.w.) alifundisha watoto wazuiwe nje usiku unapoingia, na mtaa mzima ulisimamia mafundisho hayo. Bibi aliyekaa barazani akichambua mchele hakuhitaji udugu wa damu ili akuulize, "Wewe mtoto wa nani, na unakwenda wapi saa hizi?"

Leo binti yangu wa miaka minane hatoki bila kusindikizwa. Bodaboda zimejaa vichochoroni, na jirani anayemkanya mtoto wa mwenzake huambiwa ashike lake. Wazee wetu husema zamani kulikuwa na usalama. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haikukamilika.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wakahojiwa vijana wa Tanzania wa miaka 13 hadi 24. Takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni rika langu. Wengi wao hawakumwambia yeyote, na miongoni mwa waliowadhuru walikuwemo majirani. Macho ya mtaa yalituepusha na magari; hayakutuepusha na mtu mzima mwenye heshima zake, kwa kuwa mtoto hakuruhusiwa kumsema mkubwa. Ukimya ule tukauita stara, ilhali kumsitiri dhalimu ni kumnyima haki aliyedhulumiwa.

Kwa hiyo kamati ya msikiti wetu imeamua: milango ya madrasa hubaki wazi wakati wa masomo, mtoto hafundishwi faraghani, na mzazi huingia wakati wowote. Ustadhi mmoja alikereka, akauliza kama anatuhumiwa. Nilimjibu kwamba mlango ulio wazi humlinda hata yeye.

Nanyi wazazi, mtoto akileta jambo zito, msikilizeni mpaka amalize, ndipo mseme. Simu ya Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo. Sote ni wachungaji, na tutaulizwa tulivyochunga. Allah atuwezeshe. Amin.