Nyumba ya Ibra: Ivunjwe au Isivunjwe?



Wahariri wameniomba nieleze habari ya nyumba yetu ya Ibra, kwa kuwa yamesemwa mengi, na mengine si kweli. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na kosa langu pia nitalitaja, maana limo ndani ya habari yenyewe.

Nyumba hiyo imo katika mitaa ya kale ya Ibra, si mbali na Harat al-Manzafa. Aliijenga baba wa babu yangu kwa fedha za karafuu. Mgeni anayepita Manzafa au Kanatir huona magofu ya majumba ya ghorofa, matao na milango ya nakshi, akajiuliza mali yote hiyo ilitoka wapi katika nchi kavu ya mitende. Sisi twajua ilikotoka. Baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, watu wengi wa Sharkiya waliteremka Sur wakapanda majahazi. Walikwenda na tende kwa pepo za kaskazi, wakarudi na kusi, na katika shehena zao hazikukosa boriti za mikoko.

Boriti hizo ndizo zilizobeba dari ya ukumbi wetu. Boriti ya mkoko haiwi ndefu kupita kiasi, kwa hivyo chumba hakiwezi kuwa kipana. Ndiyo sababu vyumba vya kule na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vimefanana, virefu na vyembamba. Mimi nilizaliwa Malindi, Unguja. Nilipoingia ukumbi ule mara ya kwanza, mwaka 1972, nilikuwa kijana wa miaka 17, sijui Kiarabu ila cha sala. Watu sikuwaelewa, lakini chumba nilikijua.

Mnakumbuka hali yetu ilivyokuwa siku zile. Baada ya Januari 1964 tulitawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 akawaita Waomani walioko nje, tukaja kila mmoja kwa njia yake. Katika nyumba ile tulilala watu 14. Bibi alipika wali wa nazi kwa nazi za makopo, akinung'unika. Ndani tukizungumza Kiswahili, nje tukichekwa. Lakini hakuna aliyetuuliza kodi, wala aliyetwambia tuondoke. Baada ya yaliyotupata, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1975 nilipata kazi Ruwi nikahama. Wenzangu wakafuata, wengine Maskati, wengine katika nyumba mpya za Ibra zenye umeme na maji ya mfereji. Hakuna aliyeamua kuiacha nyumba ya kale. Tuliihama kama watu wanavyotoka msikitini, mmoja mmoja, kila mtu akidhani bado wamo wengine ndani.

Sasa lije kosa langu. Mwaka 1983, nina mshahara mzuri, nilikuta ukuta wa mashariki umeanza kumomonyoka. Nikaita mafundi wakaupaka saruji juu hata chini. Kila mtu alinisifu. Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa udongo, aliutazama akasema ukuta wa udongo hutoka jasho, na mimi nimeuvalisha kanzu ya bati. Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya watu wa kale wasiotaka maendeleo.

Na tazameni neno lenyewe. Kwetu saruji ni simenti ya mfukoni. Kwa watu wa huku, saruj ni udongo uliochomwa ukasagwa, ndio uliojengea mifereji ya falaji na birika za maji, na neno ni lile lile. Mimi nilitumia ya mfukoni. Hata ngome ya Bahla, huko Dakhiliya, ilipata taabu kwa matengenezo yasiyoifaa: iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikutolewa humo mpaka 2004, baada ya miaka ya kazi.

Turudi kwenye habari. Idi ya Aprili 2024 tulikutana Ibra, watu zaidi ya 30. Baada ya shuwa na kahawa, bin ami yangu akaleta shauri lake: nyumba ivunjwe, pajengwe jengo la maduka chini na fleti juu, kila mrithi apate fungu lake la kodi.

Wapo waliompazia sauti, nami nasema hawakumtendea haki. Ana watoto sita katika fleti ya kukodi. Alisema, "Nyinyi mnakuja Idi mbili kwa mwaka, mnapiga picha mlangoni, mnarudi kwenye viyoyozi vyenu. Anayeondoa popo ni mimi. Nyumba ina warithi, haina mwenyewe." Hakuna aliyekuwa na jibu.

Binti wa dada yangu, aliyesomea ujenzi, akatupa mfano wa Nizwa. Pale Harat al-Akr, ubavuni mwa ngome, nyumba za udongo zilizokuwa zimeachwa zimegeuzwa nyumba za wageni na mikahawa, na watu wanakuja. Lakini akajibiwa kwamba Nizwa ina ngome yake kubwa ya tangu karne ya 17 na soko lake linalojaa wageni, na kwetu sisi hata gari haipiti kichochoroni. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mfano wa mji mmoja si dawa ya kila mji.

Ndipo akasema ami yetu, ambaye si msemaji. Alisema sisi kila tukikutana huusikitikia Mji Mkongwe. Hutaja nyumba zilizotaifishwa, zikatiwa wapangaji, pasipatikane wa kuziba paa wala wa kupaka chokaa, zikaanguka moja baada ya moja. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Juu ya hayo, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wamo wanalitengeneza kwa msaada wa Oman, wakafa watu wawili. "Kule twasema serikali ndiyo iliyoziacha," alisema ami. "Ya hapa imeachwa na nani?"

Shangazi yetu, aliyepita miaka 80, alisema neno moja tu: yeye fungu lake haliuzi akiwa hai. Wengine wakasema liuzwe la kwao. Sauti zikapanda. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyeongoza kikao, nikasema tuahirishe mpaka Idi Kubwa, kila mtu akafikiri. Watu walishukuru. Nilijiona nimefanya busara.

Siku chache baadaye, Aprili 14, zikaanguka mvua zile kubwa zilizoua watu katika Sharkiya, wakiwemo watoto wa skuli wa Samad al-Shan, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mbele ya msiba ule habari ya ukuta ni ndogo, na naieleza kwa haya. Usiku ule ukuta wetu wa mashariki ulianguka, ukaondoka na vyumba vitatu vya nyuma. Alhamdulillahi, hapakuwa na mtu ndani. Nilipofika, nilikuta ganda la saruji yangu limelala chini zima kama sinia, na nyuma yake udongo umeoza maji kama uji. Methali ya ufa na ukuta nimeisoma skuli tangu mdogo, na maana yake nimeijua uzeeni.

Aliyefika kabla yetu sote alikuwa bin ami, yule aliyetaka kuvunja. Alikuja na gari lake na wanawe, wakazitoa boriti kifusini moja moja, 22 nzima, wakazifunika turubali. Sikumuuliza kwa nini.

Tokea hapo hatukujadili tena kuvunja au kutovunja. Tuliandika kwanza orodha ya warithi, kazi iliyochukua miezi mitatu, wakatimia 43, toka Ibra na Maskati mpaka Unguja, Dubai na Uingereza. Kisha tukapatana hivi. Upande wa nyuma, ulioanguka, umeachiwa bin ami na wengine wawili wenye haja ya makazi, wajenge nyumba za kawaida, na mafungu yao yahesabiwe humo. Upande wa mbele, yaani mlango, ukumbi na sabla, unabaki, unatengenezwa kwa udongo na saruj ya kienyeji. Warithi tisa, wa kwanza wao shangazi, wameyatoa mafungu yao kuwa wakfu wa ukoo. Wachache wametaka fedha, nao tunawalipa kidogo kidogo. Wawili bado hawajajibu barua.

Wako wanaosema tumeivunja nusu, na wako wanaosema tumepoteza fedha katika nusu iliyobaki. Wote wana sehemu ya ukweli. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba sisi tulidhani tunashindana, wa kuvunja na wa kuhifadhi, na huku miaka 40 ilikuwa ikipita bila ya mtu kuamua, na mvua haikuwa ikingoja kikao. Lau tungeamua mwaka 1983, hata kuvunja, zingalisalimika boriti nyingi kuliko hizo 22.

Kwa hivyo nawaomba, kila nyumba yenye fungu mahali, ikiwa Ibra, Sur, Nizwa au kwengineko, iandike orodha ya warithi wake kabla ya Idi ijayo, wazee wangali hai wa kuwataja majina. Iwe ya kuhifadhi au ya kuvunja, hiyo ni shauri yenu. Lakini amueni.

Shangazi amekwisha pelekwa kuiona dari mpya. Alikaa chini ya boriti, akazihesabu kwa kidole, akauliza moja mbona imepinda. Bin ami akamwambia ndivyo ilivyotoka Afrika.

Wabillahi tawfiki.