Siku Ukimchoka, Turudishie

Msomaji wangu, usinicheke. Mimi nimekulia Morogoro, nyumba ambayo mbwa aliitwa Simba, alilala getini na kula ukoko wa ugali. Leo nimesaini mkataba wa kurasa nne kwa ajili ya mbwa! Na nakwambia kweli, karatasi zile zimenifundisha mambo ya ndoa kuliko semina zote nilizohudhuria.

Tunaishi Leicester, Uingereza, mimi, mume wangu na binti yetu. Mwaka 2019 binti alikuwa na miaka sita na wimbo wake ulikuwa mmoja tu: mbwa, mbwa, mbwa. Baba yake akasema hapana, gharama. Mimi nikaona anamnyima mtoto. Nikaingia kwenye matangazo, nikakuta mtu anauza Labrador mdogo kwa pauni 450, wakati wengine wanataka 900. Nikasema hii ndiyo bahati. Hela nikachomoa kwenye akiba yetu ya kiwanja. Mwenzangu sikumwambia.

Muuzaji alitaka tukutane kwenye maegesho ya magari kando ya barabara kuu, eti kwake ni mbali. Mama wa kijibwa sikumwona. Karatasi hakuna. Nikahesabu noti, nikapewa boksi, kwaheri.

Siku ya tatu kijibwa kikaanza kutapika na kuharisha damu. Daktari wa mifugo akasema ni parvo, ugonjwa ambao una chanjo. Siku ya sita kikafa mikononi mwa mwanangu. Simu ya muuzaji ikawa haipatikani. Bili ya daktari ilizidi bei ya mbwa, na hapo ndipo mume wangu alipojua habari ya akiba.

Hakugomba. Bora angegomba! Alinyamaza. Wiki tatu tuliishi kama wapangaji wawili wanaopishana jikoni. Siku alipofungua mdomo alisema, "Hela tutatafuta. Kinachoniuma umenificha."

Mwaka 2021 yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha tena habari ya mbwa. "Safari hii tununue wote, macho wazi," alisema. Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, England ina Sheria ya Lucy, iliyopewa jina la mbwa aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales. Inakataza maduka na madalali kuuza mbwa au paka wa chini ya miezi sita. Unanunua kwa mfugaji mwenyewe, ukimwona mtoto akiwa na mama yake, au unachukua kwenye kituo cha wanyama wasio na makwao.

Tukampata mama mmoja wa makamo, kijijini. Jamani, maswali! Nani anashinda nyumbani? Uzio una urefu gani? Mkisafiri kwenda Tanzania, mbwa anabaki na nani? Mume wangu akaninong'oneza, "Tumekuja kununua mbwa au kuposa?"

Kumbe ilikuwa posa kweli. Tulilipa pauni 200 za kishika uchumba, akatupa mkataba tukausome nyumbani wiki nzima kabla ya kusaini.

Yeye aliahidi yafuatayo: kijibwa hakitaondoka kabla ya wiki nane, kitakuwa na chipu na chanjo ya kwanza, na wazazi wake wamepigwa eksirei ya nyonga. Labrador wengi husumbuliwa na nyonga, kwa hiyo madaktari wa kule huzipa alama, kuanzia 0 hadi 53 kwa kila upande. Alama zikiwa chache ndiyo nzuri. Na daktari wetu akikuta ugonjwa mkubwa katika siku za mwanzo, hela yetu inarudi.

Sisi tuliahidi kutomwacha peke yake kutwa nzima na kutomzalisha. Cheti chake kiliwekewa zuio, kwamba hata akizaa, watoto wake hawatasajiliwa kwenye chama cha mbwa wa asili safi. Kisha kikaja kipengele cha tisa: siku yoyote, kwa sababu yoyote, tukishindwa kumtunza, tusimuuze wala tusimgawe. Tumrudishe kwake, hata akiwa na miaka kumi.

Nilisoma mara mbili, machozi yakanilenga. Kwenye sendofu yangu, marehemu baba alimwambia mume wangu mbele ya watu wote, "Siku ukimchoka usimpige, turudishie binti yetu kama tulivyokupa." Ukumbi ulicheka. Baba hakucheka.

Chini ya kipengele hicho kulikuwa na nafasi ya kujaza: mkitengana, mbwa atabaki na nani? Tukatazamana. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na hatukuwahi kulitamka neno hilo. Usiku ule tuliongea hadi saa nane. Nikamwambia kwamba kila mwezi nilikuwa nalipa ada ya mdogo wangu kimyakimya. Yeye akakiri kuna mkopo aliouficha tangu 2018. Tuliumizana kidogo, siwezi kukudanganya, ila asubuhi tulisaini tukiwa tumejuana upya.

Mwaka 2023 mgongo wa mume wangu ulimsimamisha kazi ya ghalani. Bima, chakula, daktari, vyote vikatushinda. Jirani akataka kumnunua mbwa wetu palepale, taslimu. Nilitamani, lakini safari hii tulikaa mezani wawili, tukakubaliana, tukampigia yule mama. Alisema neno moja tu: "Mleteni." Alikaa naye miezi minne bila kutudai hata senti, mpaka tuliposimama tena.

Usidhani mkataba ni dawa ya kila kitu. Kisheria kule mbwa ni mali, na mambo mengine mnayoandikiana ni magumu kuyadai mahakamani. Hata hivyo, unawafunua watu. Tangu mwaka 2012 shirika la RSPCA na mfuko wa hisani wa madaktari wa mifugo walitoa mkataba wa mfano, wa bure. Muuzaji wa kweli haogopi kuusaini. Yule wangu wa maegesho angekimbia kabla sijafungua pochi!

Nawe uliyeko Dar au Nairobi, usiseme haya ni ya Wazungu. Omba kumwona mama wa kijibwa. Dai kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari. Andikeni nani atalipa mbwa akiugua, na atakwenda wapi mkishindwa, msaini mbele ya shahidi. Na kabla ya yote, hakikisha mwenzako anajua hela inatoka wapi.

Mkataba wetu upo kwenye faili moja na cheti cha ndoa. Mume wangu hunitania kwamba cheti chetu ni ukurasa mmoja tu, cha mbwa ndicho chenye maelezo ya kutosha.