Kamba na Dumu

Ndugu msomaji, ukimwona mtu anazama utafanya nini? Wengi husema, "Nitajitosa nimwokoe." Moyo huo ni mzuri, lakini unaweza kuua watu wawili. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu. Akikukamata shingoni, mtazama wote.

Mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Watu zaidi ya 200 walikufa. Zaidi ya 600 waliokolewa, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waokoaji. Kwa hiyo sisi wavuvi tusiseme kuokoa ni kazi ya wengine.

Kijijini kwetu tunajitolea kufanya mazoezi. Mimi hurusha kamba. Tunachukua dumu la lita 5, tunalitia maji kidogo ili lirushike vizuri, tunakaza kizibo, kisha tunalifunga kamba. Mwenzetu mmoja, amevaa jaketi la kuokolea, hujifanya anazama. Mimi huchuchumaa nisivutwe majini. Narusha dumu lipite kichwa chake, kisha nalivuta taratibu mpaka alishike. Tukiwa na mashua, tunazima mashine kwanza, halafu tunampandisha kwa tezi, si kwa ubavu, isije ikapinduka.

Ndugu yangu, maji ni maji, yawe ya bahari, ya ziwa au ya mto. Dumu na kamba mnavyo. Jifunzeni pamoja sasa, kwani siku ya ajali hakuna nafasi ya kufundishana.